Uchafu wa Mathare Unaishia Malindi: Story ya Mto Nairobi na Mahali Wewe Unaingilia

Usiku mmoja Aprili 2024, jirani yangu aligonga ukuta wa mabati na sufuria. Si mlango. Ukuta. Nilishusha mguu kutoka kitandani nikakanyaga maji.

Nilikuwa naishi Mathare, upande wa mtoni, kwa sababu huko ndiko renti ilikuwa inaniweza. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima na kila mtu alikuwa anasema itapungua. Haikupungua. Nilitoka na simu, chaja na kitambulisho. Mathe wa mandazi, yule jirani wa sufuria, alitoka na watoto wake wawili. Karai lake, jiko lake na unga wa wiki nzima vilienda na mto. Tulikesha barabarani na blanketi moja tukigawana na watu saba.

Wiki chache baadaye tingatinga zikaja. Mlisikia hiyo story kwa habari: serikali ilisema kila mtu aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni ahame. Familia zikaahidiwa thao kumi kila moja, nyumba zikashushwa. Mathe wa mandazi alisimama hapo akiangalia mahali keja yake ilikuwa, akauliza swali moja tu: "Kwani hizi mita 30 zilikuwa wapi miaka yote nikilipa renti?"

Hilo swali lilinisumbua mpaka nikaanza kulitafutia jibu. Na jibu nililopata halikuwa mtoni. Lilikuwa kwa makaratasi. Kuna karatasi mahali inasema mto wako utakuwa nini, taka zako zitaenda wapi, na nani atajengewa wapi. Hiyo karatasi huandikwa kila mwaka, na mlango wa hicho chumba inapoandikwa huwa wazi. Shida ni kwamba mimi na wewe huwa hatuendi.

Tulia nikupeleke pole pole. Nitaanza na mto wenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaujua tu pale daraja la mtaa wetu.

Mto Nairobi unatoka wapi na unaenda wapi

Mto Nairobi hauanzii Nairobi. Unaanzia Kiambu, kwa kinamasi kinaitwa Ondiri, pale Kikuyu. Ondiri ni mahali pa ajabu: juu unaona nyasi, lakini chini ni maji, na ukitembea juu yake ardhi inatingika. Kazi yake ni kama ya sponji. Mvua ikinyesha kinanyonya, jua likiwaka kinaachilia maji kidogo kidogo.

Kutoka hapo mto unashuka Dagoretti, Kawangware, Chiromo, Globe, Grogan, Gikomba, halafu Korogocho na Dandora, Njiru na Ruai. Njiani unakutana na ndugu zake wawili. Mto Mathare ndio ule ulitutoa kitandani. Mto Ngong nao unapita Kibera, unaingia Nairobi Dam, kisha unapita nyuma ya viwanda vya Industrial Area.

Watu wengi hudhani story inaishia Ruai. Zii. Mto Nairobi unaingia Mto Athi, unapita Fourteen Falls kule upande wa Thika, unateremka Machakos, Makueni na Kitui. Ukiingia Tsavo unabadilisha jina unaitwa Galana. Ukifika Kilifi unaitwa Sabaki. Mwisho wake ni Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo ya Malindi. Huu ndio mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana.

Kwa hivyo ile chupa umerusha mtaroni Huruma ukishuka mathree haipotei. Inasafiri kuliko wewe. Mkulima wa Athi anamwagilia sukuma na hayo maji, na hiyo sukuma kuna siku inarudi soko la Nairobi ukainunua ya mbao. Kule Kilifi kuna visima vya Baricho, kando ya Sabaki, ambavyo vinalisha maji Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Ukienda likizo Pwani ukafungua bomba, umekunywa kutoka bonde la mto uleule uliokuwa unazibia pua Gikomba. Maji ya Baricho hutoka kwa mchanga na husafishwa, usiogope. Lakini umeelewa vile tumeunganishwa.

Ndio maana haya mambo hayawezi kuwa ya kaunti moja. Kiambu ikiua Ondiri, Nairobi inafurika. Nairobi ikimwaga uchafu, Machakos na Makueni wanaunywa. Udongo ukimomonyoka huko juu, bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa, na matumbawe ya pale kwa mbuga ya baharini yanafunikwa na tope. Mto mmoja, serikali nyingi za kaunti, na kila moja inaangalia kipande chake tu.

Kwa nini maji yalitupata

Mvua ya 2024 ilikuwa kali, hiyo hakuna mtu anakataa. Zaidi ya watu 200 walikufa nchini. Lakini mvua peke yake haimalizi mtaa. Kulikuwa na mambo matatu chini yake.

La kwanza, jiji limefunikwa. Kila mahali palipokuwa na udongo sasa kuna lami, simiti au paa. Maji hayana pa kuzama, kwa hivyo yote yanakimbilia mtoni kwa wakati mmoja.

La pili, mto wenyewe umebanwa. Watu wa juu wamejenga ukuta, watu wa chini tumejenga mabati, na wengine wamemwaga vifusi vya mjengo ndani ya mto ili wapate ardhi. Mto ukikosa upana, unatafuta urefu. Unapanda.

La tatu, taka. Sehemu kubwa ya mitaa yetu haina laini ya maji taka na gari la taka halifiki. Jaa la Dandora, ambalo lilifunguliwa miaka ya 70, lilitangazwa limejaa tangu 2001, na mpaka leo malori bado yanapanga foleni. Na jaa lenyewe liko kando ya mto! Kwa hivyo taka inaziba madaraja, madaraja yanageuka mabwawa, na mabwawa yanapasuka usiku.

Cheki vizuri: hayo yote matatu si kudra. Kila moja ni uamuzi. Kuna mtu alipitisha ramani ya ujenzi. Kuna mtu aliamua bajeti ya taka itakuwa ngapi na itaanzia mtaa gani. Kuna mtu aliona mto umejazwa vifusi akatia sahihi.

Sasa, hizo mita 30 zilikuwa wapi?

Zilikuwa kwa sheria. Kanuni za maji za Kenya zinasema ukingo wa mto ulindwe kati ya mita 6 na mita 30, ukipima kutoka pale maji hufika mto ukijaa, kulingana na upana wa mto. Sheria zingine zinataja vipimo tofauti. Ndio maana msee mmoja anaambiwa yuko sawa na ofisi moja, kisha ofisi nyingine inamletea tingatinga.

Na zile mita hazipimwi kwa rula moja. 2018 serikali iliamka ikashusha hadi majumba makubwa: Ukay Centre kule Westlands, South End Mall pale Lang'ata Road. Watu wakapiga makofi. Baadaye kukanyamaza. Halafu 2024, mafuriko yakija, tingatinga zikaelekea mabati kwanza.

Mimi sisemi watu waishi mtoni. Nimelala huko, sikutakii. Ninachosema ni kwamba ukingo wa mto ungepimwa, ukachorwa, ukaandikwa kwa mpango wa kaunti na watu wakatafutiwa mahali mapema, mathe wa mandazi hangepoteza jiko lake mara mbili: mara moja kwa maji, mara ya pili kwa tingatinga.

Kusafisha Jumamosi ni poa, lakini haitoshi

Usinielewe vibaya. Naheshimu sana wasee wanaoingia mtoni na gambuti. Pale Korogocho kuna vijana wa Komb Green Solutions waliogeuza ukingo uliokuwa jaa na maficho ya wezi ukawa bustani, People's Park, watoto wanacheza. Kule Kikuyu kuna wakaaji wa Friends of Ondiri Wetland Kenya, wamekaa ngumu kupigania kile kinamasi. Serikali nayo ilianzisha Climate WorX 2024, vijana wanalipwa kusafisha mto, na 2025 ikazindua mradi mkubwa wa kufufua Mto Nairobi wenyewe. Kama umepata mboka huko, chapa kazi.

Lakini jiulize: unatoa taka Jumamosi. Jumatatu hadi Ijumaa nani anairudisha? Kama bomba la maji taka bado linamwaga mtoni, na gari la taka bado halifiki mtaa wenu, wewe unapiga deki na mfereji umefunguliwa.

Tulishawahi kuona hii sinema. Marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira, kuanzia 2008, aliusafisha Mto Nairobi pale karibu na Globe mpaka watu wakashangaa. Bustani ikapewa jina lake. Alipofariki 2012, pale pakarudi kuwa gereji na jaa, mpaka pakafufuliwa tena 2020. Tulichojifunza ni hiki: kazi ikitegemea mtu mmoja mkali, inazikwa na yeye. Ikiandikwa kwa mpango na kuwekewa doh, hata akija mhesh mwingine lazima aikute pale.

Waliofaulu walitumia karatasi

Ukiangalia vita vya mazingira ambavyo Wakenya walishinda, utapata mahali fulani kulikuwa na karatasi.

1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alifanya nini? Aliandika barua. Akaandikia ofisi moja, akaandikia nyingine, akauliza maswali mpaka wakaanza kumtukana hadi bungeni. Wafadhili wakajitoa, jumba halikujengwa. Ile siku wewe na mbogi yenu mnapiga picha Uhuru Park, mmesimama juu ya barua za huyo mama. Miaka kumi baadaye alipigania Karura, akapigwa mpaka akatoka damu. Leo Karura ndio mahali watu wanapeleka wapenzi wao. Nobel ilikuja 2004.

Nakuru nako, msee anaitwa James Wakibia alichoka na mifuko ya plastiki. Silaha yake ilikuwa kamera na Twitter. Alipiga picha za taka, akazitupa mtandaoni na heshitagi, akaandika, akarudia, akarudia. Hakuwa peke yake, lakini sauti yake ilisaidia kusukuma hii kitu mpaka 28 Agosti 2017 mifuko ikapigwa marufuku. Adhabu ikawekwa hadi faini ya Sh4 milioni ama miaka 4 jela. Leo ukienda soko bila kikapu unaona aibu.

Na kuna Lamu, hii ndio napenda zaidi. Kampuni ilitaka kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, mradi wa karibu dola bilioni 2. Wavuvi, akina mama na vijana wa Save Lamu wakasema hapana. Walienda kwa Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Unajua kwa sababu gani kubwa? Si kwa sababu makaa ni machafu. Ni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vilivyo wakati ripoti ya athari kwa mazingira ilikuwa inaandaliwa.

Soma hiyo tena. Mradi wa mabilioni ulisimama kwa sababu ya ile mikutano ya social hall ambayo wewe ukiona tangazo lake unapita.

Niliingia mkutano mmoja, nikaona maajabu

Baada ya mafuriko niliamua kuhudhuria mkutano wa maoni ya bajeti kwa wadi moja, sitaitaja. Ilikuwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Ukumbini kulikuwa na watu kama thelathini. Wengi walikuwa wazee, wachache akina mama wa vyama, na vijana watano ambao, nitakuwa mkweli, tulikuwa tumesikia kuna soda.

Tukapewa karatasi. Ilikuwa nzito, imejaa jedwali. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo iligoma, na nilidhani hii ni ya wasomi. Lakini ukikaa nayo dakika ishirini unaona ni rahisi: kushoto ni jina la mradi, katikati ni mahali, kulia ni chapaa. Nikatafuta neno "mto". Halikuwa kwa wadi yetu. Nikatafuta "mtaro". Kulikuwa na mmoja, kwa barabara ambayo ina mtaro tayari.

Mzee mmoja akainua mkono, akasema lile daraja la miguu linaziba kila mvua, akataja mahali, akataja mwaka lilipoziba. Karani akaandika. Mimi nikainua mkono nikasema "gava imetuangusha, vijana tunaumia." Watu wakapiga makofi. Karani hakuandika kitu.

Hapo ndipo nilijua tofauti. Mimi nilipata makofi, yeye alipata mstari kwa ripoti.

Kalenda unafaa kuweka kwa simu

Kaunti haipangi vitu ovyo. Kuna mpango mkubwa wa miaka 5, unaitwa CIDP. Huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata utaandikwa uchaguzi wa 2027 ukishapita, na kama mto wako hautakuwa ndani, utasubiri miaka mingine 5. Chini yake kuna mambo ya kila mwaka:

- Kufikia Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti. Huu ndio unachagua miradi. Maoni yako yafaa kufika kabla ya hapo, Julai na Agosti.
- Kufikia Februari 28: karatasi ya sera ya fedha. Hapa ndipo wanaamua kila idara itakula ngapi. Ukitaka idara ya mazingira ipate zaidi, pigia hapa.
- Kufikia Aprili 30: makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti. MCA wako anaweza kubadilisha kitu hapa.
- Juni 30: mwaka wa fedha unafunga. Ukija kulalamika Julai, umechelewa, unaanza foleni upya.

Nairobi ina wadi 85. Kila wadi ina MCA mmoja, na simu yake huwa inapatikana sana mwaka wa uchaguzi. Tumia huo mwaka vizuri.

Vile unafanya, hatua kwa hatua

Moja: omba karatasi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuitisha stakabadhi kwa ofisi ya umma. Huhitaji kusema unaitakia nini. Wanafaa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikunyima, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman.

Mbili: andika ukurasa mmoja. Usiandike hotuba. Kiswahili ni lugha rasmi kwa katiba, kwa hivyo usiogope kuandika kwa Kiswahili. Inaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mkaaji wa wadi hii. Daraja la miguu lililo nyuma ya shule huziba kila mvua na maji yanaingia nyumba za karibu. Lilifurika Aprili 2024. Naomba mambo matatu: taka itolewe darajani kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, gari la taka lipite mtaa huu mara mbili kwa wiki, na ukingo wa mto upimwe na kuwekwa alama. Naomba yawekwe kwa mpango wa mwaka huu. Nimeambatisha picha tatu."

Tarehe, jina, sahihi. Peleka nakala mbili, yako ipigwe muhuri. Huo muhuri ndio ushahidi wako kesho wakisema hawakuambiwa.

Tatu: chunga mjengo unaokuja. Mradi mkubwa lazima ufanyiwe ripoti ya athari kwa mazingira na NEMA itangaze, wananchi watoe maoni ndani ya siku 30. Hayo matangazo huwa kwa magazeti, ile kurasa unaruka ukienda michezo. Leseni ikitolewa na hukubaliani nayo, kuna siku 60 za kukata rufaa kwa ile mahakama ya mazingira iliyosimamisha Lamu.

Nne: jua katiba iko upande wako. Kifungu cha 42 kinasema una haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini, na huhitaji kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Wakaaji wa Owino Uhuru, Mombasa, walitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Waliongozwa na Phyllis Omido kwenda kortini. Walishinda 2020, wakapewa Sh1.3 bilioni, wakapinduliwa kwa rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi. Ilichukua miaka. Lakini sasa kila mwenye kiwanda anajua hiyo kesi.

Tano: vuka mpaka wa kaunti. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016 kuna vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambavyo hufuata mto na si mpaka wa mhesh. Kaunti nyingi pia zimeunda kamati za wadi za kupanga mambo ya tabianchi kupitia mpango unaitwa FLLoCA. Uliza kama wadi yenu iko nayo na nani yuko ndani. Ukipata ni mbogi ya watu wa MCA tu, hapo umepata swali lako la kwanza.

Na mtandao tuko nao. Kijana wa Kikuyu, wa Korogocho, wa Makueni na wa Malindi wakiwa kwa grupu moja ya WhatsApp, kila mmoja anapiga picha ya mto siku ileile, hiyo ni ramani ambayo hakuna ofisi moja iko nayo. Tunajua kupanga mambo kwa simu. Nchi nzima ilituona Juni 2024. Tofauti ni kwamba mto unahitaji hiyo nguvu hata wakati hakuna kelele.

Ukweli mchungu

Sitakudanganya kwamba ukiandika barua, kesho mto unakuwa samawati. Mikutano mingine huwa ya kupigia muhuri tu, mambo yameshaamuliwa. Wakati mwingine unaambiwa ukumbi umebadilishwa saa moja kabla. Barua zingine hazijibiwi. Yangu ya kwanza haikujibiwa.

Na kuna hatari. Omido alikamatwa 2012. Joannah Stutchbury, mama aliyekuwa anapigania msitu wa Kiambu usimegwe, aliuliwa kwa risasi karibu na kwake Julai 2021. Hao ni watu waliosimama karibu peke yao. Kwa hivyo usiende peke yako. Nenda na kanisa, msikiti, timu ya mpira, chama cha akina mama, stage ya nduthi. Barua yenye sahihi 60 hakuna mtu anajua atamtisha nani.

Lakini kukaa pia kuna bei yake. Mimi naijua, ilikuwa baridi na ilifika magotini.

Mathe wa mandazi

Siku hizi yuko Huruma, juu kidogo, alianza tena na karai la kukopa. Renti ni ghali kuliko kule chini. Nilimpelekea nakala ya barua yangu ya pili, ile yenye muhuri, nikamsomea pale kwa meza akigeuza mandazi. Akasikiza mpaka mwisho. Akaniuliza kama kuna mahali pa yeye kutia sahihi. Nikamwambia pako, ndio maana nimekuja.

Alipangusa mikono, akatia sahihi, akaacha alama ya mafuta kando. Halafu akaita mwenye kuuza mitumba wa jirani, na wa mboga, na msee wa kinyozi. Nilitoka pale na majina kumi na mawili na mandazi mawili ya bure.

Barua iliingia Agosti, kabla ya ile tarehe ya Septemba 1. Bado nangoja jibu. Masika ikirudi mto utapanda tena, jibu liwe limekuja ama la, na kuna watoto wamelala pale chini sasa hivi.

Weka hizo tarehe kwa simu yako. Tafuta ukumbi wa wadi yenu uko wapi. Na ukienda, usiseme gava imetuangusha. Taja daraja, taja mwaka, ngoja karani aandike.